Muhuri Uliopotea Kabatini

Mwaka wangu wa pili Garissa niliandika riwaya ya upelelezi, na kwa sababu yake mtu alifutwa kazi. Haikuchapishwa kamwe. Walioisoma hawakufika kumi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, mtu wa bara niliyeletwa huko kwa barua bila kuulizwa. Sikuupenda mji na mji haukunipenda. Joto lilinikera, vumbi lilinikera, na zaidi ya yote alinikera karani wa shule. Alikuwa mzaliwa wa pale, mrefu, mkimya, na kila ukimwuliza jambo alikujibu, "Allahu aalam." Barua zimefika? Allahu aalam. Chaki zitaletwa lini? Allahu aalam. Yeye naye hakuwahi kuniamkia. Tulipishana mlangoni kama watu wawili walioshitakiana.

Halafu muhuri wa shule ukapotea. Vijana waliomaliza kidato cha nne walihitaji barua zenye muhuri ule ili waombe vitambulisho, na pande zile kijana asiye na kitambulisho hakupita kizuizi chochote cha barabarani. Muhuri ulikaa katika kabati la chuma ofisini kwa mkuu wa shule. Kabati lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ulikuwa mmoja, nao aliuweka mkuu mfukoni mwake. Mlango wa ofisi ulikuwa na funguo mbili: mmoja wa mkuu, mwingine wa karani. Jumatatu moja, baada ya gwaride, mkuu alifungua kabati akakuta kidau cha wino peke yake.

Tulipekuliwa sote. Mkuu alinunua kufuli jipya, akalifunga kwa mkono wake. Siku ya tisa alilifungua mbele ya walimu watatu, mimi nikiwa mmoja wao, akitaka kutoa faili. Muhuri ulikuwa pale pale, juu ya kidau chake. Kufuli jipya halikuwa na hata mkwaruzo.

Walimu walitazamana. Karani aliitwa, akatazama ndani ya kabati, akasema, "Allahu aalam," kisha akarudi kwenye mashine yake ya kupiga chapa.

Jibu lile lilinichoma. Niliona kama kutukanwa. Nilikuwa kijana niliyesoma, na niliamini kwamba hakuna tukio lisilo na mwenyewe. Anayesema Mungu ndiye ajuaye ama ni mvivu wa kufikiri ama anaficha kitu. Jioni ile nikaanza kuandika. Nilimbuni mpelelezi mzee, mwalimu mstaafu, ambaye hatafuti alama za vidole bali anakaa kitini na kuhoji maana ya neno "haiwezekani". Nilijaza daftari tatu. Mwishoni mpelelezi wangu anathibitisha kwamba muhuri uliibwa na karani mrefu, mkimya, aliyechapa umbo la ufunguo kwenye kipande cha sabuni mkuu alipovua koti ili anawe.

Lakini sabuni ingeweza kufungua kufuli la kwanza tu. Basi kufuli la pili sikuliandika. Nililijua, nililiona kwa macho yangu, na nikaliacha nje kwa sababu liliniharibia hadithi.

Nilimpa daftari mwenzangu wa hisabati. Yeye akampa mwingine. Baada ya wiki mbili mkuu aliniita. Daftari zilikuwa mezani pake.

"Mwalimu, umenifungua macho," akasema.

"Hiyo ni hadithi tu, mkuu. Nimeibuni."

"Kama si yeye, ni nani? Nitajie mwingine."

Sikuwa na mwingine wa kumtajia. Ukimya wangu ukawa ushahidi. Mwisho wa mwezi karani alikabidhi funguo na kuondoka. Hakuna aliyemsindikiza hadi getini.

Ilinichukua majuma mawili kupata ujasiri wa kwenda kwake, mtaa wa Galbet. Nilikwenda baada ya sala ya alasiri, nikiwa na daftari zangu mkononi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa ukuta. Hakuinuka.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Hiyo ndiyo kitabu?"

"Ndiyo."

"Kaa. Soma. Bole bole, nisikie yote."

Nilisoma. Mkewe alileta birika la chai ya maziwa ya ngamia na vikombe viwili. Karani akamwambia jambo kwa Kisomali, naye akaondoa kikombe kimoja. Niliendelea kusoma, yeye akinywa. Mara mbili alinisimamisha nirudie sentensi. Nilipofika kwenye sabuni alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza hesabu ya mtoto.

"Na kufuli mpya?" akauliza nilipomaliza.

"Sikuiweka."

"Kwa nini?"

"Hadithi isingeisha."

"Akili unayo, maalim. Umenijua fizuri. Unajua nafunga viatu namna gani, nashika kalamu namna gani. Kama mimi si mimi, ningeamini nimeiba." Alimimina chai nyingine. "Wewe hukutaka kujua nani aliiba. Ulitaka kuwa mtu anayejua."

Nilimwambia kwamba ningemwandikia mkuu barua, na nakala niipeleke kwenye ofisi ya elimu, nieleze habari ya kufuli la pili.

"Andika," akasema. "Na usirudi hapa."

Niliandika. Mkuu alinijibu kwa kunipa zamu za wiki nne mfululizo, na wenzangu wa bara wakaacha kukaa nami meza moja wakati wa chai. Walisema nimemuuza mkuu, mtu wa bara mwenzetu, kwa wenyeji. Ofisi ya elimu ilituma mtu, akahoji, akaandika, akaenda zake. Karani hakurudishwa. Alihamia Elwak, kwenye duka la kaka yake, na mimi nilihamishwa mwaka uliofuata.

Muhuri ulitokaje na kurudije, hadi leo sijui. Kwa miaka mingi nimelipindua jambo lile kila upande: labda mkuu mwenyewe alidanganya, labda ulisukumwa nyuma ya faili na sisi tusiuone, labda kufuli lile la bei rahisi lilifunguka kwa ufunguo wowote. Kila moja ya hizo ingetosha kuandikiwa riwaya, na katika kila riwaya yuko mtu ambaye ningelazimika kumpa hatia. Mpelelezi wangu mzee sikumwandika tena. Nafundisha insha, na mwanafunzi akinijibu, "Sijui, mwalimu," humwacha akae.