Moyo Wangu Ulivyopanda Kilimanjaro

Baba yangu alikuwa fundi wa nyumba za mawe hapa mjini Unguja. Siku moja alipanda na karai la chokaa kichwani mpaka ghorofa ya tatu, akalitua, akaketi kupumzika, na hakuinuka tena. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Watu walisema moyo wake ulisimama. Tangu siku ile mama aliamini kwamba moyo ule nimeurithi mimi, na kila nikirudi kucheza mpira alinivuta karibu, akaniwekea kiganja kifuani.

"Unakwenda mbio huu," alikuwa akisema. "Kaa chini."

Nami nilikuwa nikikaa. Lakini nilipokuwa mwalimu wa skuli na kupewa kusomesha drili, mazoezi ya viungo, nilianza kukimbia. Nilikimbia kwa siri, Ijumaa asubuhi, njia ya Chwaka, kisha nikarudi kwa lori la samaki ili mama asinione nina jasho. Nilikuwa nawashinda walimu wote wa mjini. Hata hivyo, kila nikimaliza mbio niliegemea mnazi nikangoja moyo usimame. Hilo sikumwambia mtu.

Katikati ya miaka ya hamsini, walimu wanne tulikubaliana kwenda kupanda Kilimanjaro wakati wa likizo. Aliyetutia hamu ni mwalimu wa jiografia, mtu mrefu, mzito, aliyeusomesha mlima ule miaka mingi bila ya kuuona. Tulimwomba na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, afuatane nasi. Alikuwa Mkristo, wazee wake watu wa bara, yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo. Mfupi, ana tumbo, na mwendo wake wa taratibu tuliufanyia mzaha sana.

Mama nilimwambia siku tatu kabla ya safari.

"Huko juu kuna nini?" aliniuliza.

"Kuna barafu, mama."

"Barafu si inauzwa hapo Forodhani?"

Asubuhi yake alivaa buibui akenda mwenyewe mpaka hospitali kumtafuta dresa. Walizungumza nini sikujua, ila jioni dresa alikuja kwetu na saa yake, akanishika mkono kwenye mshipa, akahesabu. "Sitini," alisema, akaandika katika kidaftari.

Tulivuka kwa meli mpaka Tanga, tukapanda treni mpaka Moshi, na huko tukapata kiongozi, Mchaga. Siku ya kwanza mlimani tulipita msituni, na mimi nilikuwa mbele ya wote.

"Maalim, punguza mwendo," dresa alipiga kelele kutoka nyuma.

Sikupunguza. Siku ya pili tulitoka msituni tukaingia kwenye majani mafupi na mawe, na bado nilitaka kuwa wa mwanzo. Nilifika kwenye kibanda cha kupumzikia mchana, peke yangu, nikakaa juu ya jiwe.

Moyo haukutulia. Kwetu nikikaa kidogo tu hutulia wenyewe. Pale nilikaa, nikalala chali, na ukaendelea kugonga shingoni, masikioni, mpaka kwenye meno. Nilimfikiria baba. Nilipiga shahada kimya kimya, nikamfikiria mama atakayepelekewa habari.

Dresa alipofika, anahema, alinikuta nimeshika kifua.

"Nnakufa," nilimwambia.

"Ngoja kwanza." Alitoa saa, akanishika mkono. Alihesabu bila ya haraka, kisha akatoa mpira wake wa kusikilizia, akausogeza huku na huku kifuani pangu, akafumba macho. "Mia na kumi," alisema.

"Ndio maradhi ya baba hayo."

Hakubishana nami. Alinipa saa yake, akaninyooshea mkono. "Haya, nihesabu na mimi."

Nilihesabu. Wake ulikuwa mia na kumi na sita. Wenzetu walipofika tukawahesabu nao, mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na moyo uliotulia, hata mwalimu wa jiografia aliyekuja akijikokota na kupiga picha.

"Mama yako kanieleza habari za marehemu," dresa aliniambia tulipokaa kunywa chai. "Sikiliza, Maalim. Hewa ya huku ni nyepesi. Damu kila ikipita mapafuni inaondoka na hewa kidogo. Sasa mchukuzi wa maji akijaziwa ndoo nusu, na nyumba inataka maji yale yale, atafanyaje?"

"Atakwenda mara nyingi zaidi."

"Basi moyo wako ndivyo unavyofanya. Hauumwi. Unafanya kazi."

Niliona haya, na papo hapo nikahisi njaa kubwa. Nilikula wali wangu na nusu ya wali wake.

Kutoka hapo nilimfuata nyuma, hatua kwa hatua. Siku ya tatu, kwenye uwanda mpana wa changarawe, nilijaribu mbio kidogo, hatua hamsini tu, nipate kujua. Miguu ilinikatika kabla moyo haujafika pale nilipozoea kuufikisha njia ya Chwaka. Dresa alicheka. Akasema huko juu hata moyo wenyewe una kikomo kingine, haukubali kukimbizwa kama ukiwa pwani.

Siku ya kupanda kilele ndiyo iliyotuharibikia. Tulikuwa tumeanza mteremko mkali wa vumbi na kokoto pale mwalimu wa jiografia alipotapika. Tukadhani uchovu. Kisha alianza kupepesuka, akawa anaita majina ya wanafunzi wake kana kwamba yumo darasani.

"Huyu ashuke sasa hivi," dresa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Akibaki huku tutampoteza."

Kiongozi wetu Mchaga akaendelea na wale wenzetu wawili waliokuwa na nguvu. Mimi na dresa tulimtia mgonjwa katikati, mikono yake mabegani mwetu. Baadaye miguu yake ilikataa kabisa, nikambeba mgongoni. Nilikwenda hatua ishirini, nikasimama. Ishirini nyingine, nikasimama. Kila nikisimama dresa alinishika mkono, anaangalia saa. "Bado. Bado. Haya, moyo umeshuka, twende." Sijapata kuusikia moyo wangu ukifanya kazi namna ile, na sikuwa na nafasi ya kuuogopa, kwa sababu mtu mgongoni alikuwa akinililia sikioni.

Kila tulivyoshuka, mapumziko yakawa mafupi. Tulipoanza kuona majani, mgonjwa alitikisika.

"Nitue," alisema. "Tumefika?"

"Tumefika," dresa akamjibu. "Chini."

Wawili wetu walifika kileleni. Sisi watatu tuliwangoja kwa chai na ubwabwa wa sukari, na mwalimu wa jiografia aliona haya mpaka tukamkataza kuomba radhi.

Nilipomhadithia mama aliniuliza jambo moja tu: ulimbeba umbali gani? Nilimwambia. Jumapili yake dresa alikuja kutuamkia na mpira wake, akamvalisha mama masikioni, akamwekea ncha yake kifuani pangu. Mama alisikiliza muda mrefu sana. "Kumbe una sauti mbili," alisema, "kama mtu anayetwanga." Kisha akaigeuza ncha kifuani pake, akausikiliza na moyo wake mwenyewe, na hakutaka kuuvua mpira.

Mwaka uliofuata mwalimu wa jiografia alirudi mlimani, safari hii polepole, akafika juu. Mimi sikwenda, nilikuwa nimekwisha kuoa na mke wangu alikuwa karibu kujifungua. Siku ilipofika barua yake nilikuwa uwanjani na darasa langu la drili. Wamemaliza mbio, wameketi wawili wawili kwenye majani, kila mmoja kamshika mwenzake mkono, wanahesabu mapigo kwa sauti, na wote wanagombana kwa sababu hesabu hazilingani.