Alois avunja mashine nzima ili kengele ya mjomba isikike Kinole

Saa kumi na mbili asubuhi, Msamvu. Mabasi ya bara yananguruma, wapiga debe wanamgombania abiria mmoja mwenye begi kubwa, na kwenye banda la mabati nyuma ya vibanda vya chai Alois Mbena amepiga magoti mbele ya mashine ya gemu isiyo na kasoro yoyote. Mkononi ana bisibisi. Anaivunja.

Jana jioni tu vijana waliipangia foleni. Ni mashine ya gololi ya kisasa: unatumbukiza sarafu, unavuta springi, gololi ya chuma inapaa chini ya kioo, nawe unaizuia isidondoke kwa kubonyeza vitufe viwili ubavuni. Taa zinawaka rangi zote, na spika yake inakusifia kwa Kiingereza cha puani hata ukicheza vibaya.

"Fundi, umerogwa?" anauliza kondakta mmoja aliyekuja kunywa chai. "Si ndiyo hii inayokulisha?"

"Ndiyo hiyo hiyo," Alois anajibu bila kuinua kichwa. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Anachokitafuta ni transfoma, pande la chuma na shaba ukubwa wa tofali, lililofungwa chini kabisa ya sanduku. Likitoka hapo, mashine hii inabaki kabati. Litakwenda kwenye mashine nyingine iliyofunikwa turubai kwenye kona, ya mbao, ya miaka ya sitini, ambayo tangu aipate haijamwingizia hata senti ya kununulia kiberiti.

Mafundi wengi wa mji huu huvunja kuukuu ili kuokoa kipya. Alois, mwenye umri wa miaka thelathini na mbili, anafanya kinyume, na mji mzima unamcheka. Nami nilikwenda Msamvu nikiwa nimejiandaa kumcheka kidogo. Nilirudi na mambo mengine kabisa.

Mashine ya mbao ilikuwa ya klabu ya wafanyakazi katika shamba moja la mkonge kando ya barabara ya Dodoma. Aliyeitunza ni mjomba wake, Andrea Lukoa, mzaliwa wa Kinole, mshika funguo wa klabu hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Haikuwa na spika. Ilikuwa na kengele tatu za shaba, na kila gololi ilipogusa mahali pake, nyundo ndogo iligonga kengele.

"Jumamosi ya mshahara ulikuwa unaisikia mpaka kambini," anasimulia Mzee Mwinshehe, aliyekata mkonge kwenye shamba hilo na ambaye sasa anauza kahawa Msamvu. "Mke wangu alikuwa anajua kama nimeshinda au nimeshindwa kabla sijarudi nyumbani. Ile kengele kubwa ikigonga mfululizo, anaweka maji ya kuoga motoni. Ikikaa kimya, anafunga mlango."

Anacheka mpaka kahawa inamwagika kwenye sahani, kisha anaitazama barabara ile iendako Dodoma. Kambi haipo tena, anasema. Paa za nyumba ziliondolewa bati moja moja, na ukipita leo utaona michongoma tu.

Bei ya mkonge ilipoanguka, klabu ilifungwa. Mwaka 1984 Andrea aliambiwa fedha ya kiinua mgongo haipo, achague kitu chochote ndani ya klabu aende nacho. Wenzake walichagua viti, wengine jokofu la mafuta ya taa. Yeye alichagua mashine ya gololi, akaipeleka Kinole, kijiji ambacho hakikuwa hata na waya mmoja wa umeme.

Lori liliifikisha mpaka pale mvua ilipokuwa imekata barabara. Kwa kipande cha njia kilichobaki ilibidi ibebwe. Andrea akaifunga kwa shuka nyeupe isirukiwe na matope, akaitia kwenye miti miwili mirefu, na wanaume wanane wakaitwika mabegani kupanda mlima.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye njia za Uluguru, watu wanane wakipita na sanduku refu mabegani lililofunikwa shuka nyeupe, hakuna anayeuliza. Mwanamume anavua kofia, mwanamke anatua mkungu wake wa ndizi pembeni, na wote wanaingia nyuma ya msafara. Ndivyo walivyofanya. Andrea alikuwa mbele kabisa akiwaonyesha wabebaji pa kukanyaga, hakujua kinachoendelea nyuma mpaka aliposikia kilio.

"Tulipofika uwanjani walikuwa wamejaa," anakumbuka mama yake Alois, Bibi Scholastika, ambaye ndiye dada pekee wa Andrea. "Wameleta unga, wameleta kuni, kuku. Jirani yangu Agnes amejitupa chini analia, na hajui hata anamlilia nani. Kaka yangu akafunua shuka. Watu wakaona kioo na picha za wazungu wanacheza dansi."

Kisha mtu mmoja akacheka, na kijiji kizima kikafuata. Lakini unga ulikuwa umeshafika, na rambirambi hairudishwi mlangoni. Kuirudisha ni kama kumwambia mwenzio arudi nayo kesho kwa msiba wa kweli. Ikapikwa, ikaliwa. Andrea, akiwa amejaa aibu, akasimama mbele ya watu akatoa ahadi: siku mashine hii itakapogonga kengele hapa Kinole, wote mliolia leo nitawaita, mtakula kwangu na mtasikia kitu ambacho hamjapata kukisikia.

Miaka ikapita, na umeme haukupanda mlima. Mashine ilikaa sebuleni. Scholastika alianika mdalasini juu ya kioo chake, na msimu wa mvua kuku walitagia ndani. Watoto wa kijiji waliipa jina la Marehemu. Kila Andrea alipofungua mdomo kilabuni kusimulia jambo, hata la kweli, mtu alidakia: "Tutaamini kengele ikigonga." Alikuwa mtu mkweli, wanasema waliomfahamu, na alizeeka akiitwa mwongo.

Alifariki mwaka jana, wakati wa masika.

Kwa desturi ya Waluguru, mali ya mjomba humwendea mpwa, mtoto wa dada. Na anayepokea mali hupokea pia jina, na kila neno ambalo marehemu aliliacha halijatimia. Wazee wa ukoo walimketisha Alois kwenye mkeka, wakampa jembe la mjomba, koti lake, na mashine ya gololi. Wakamkumbusha na ahadi yake. Jumamosi ijayo ni siku ya kumaliza msiba. Siku hiyo ama kengele itagonga Kinole, ama Andrea Lukoa atafungiwa kaburi lake akiwa mwongo, na mpwa wake atarithi jina hilo pamoja na utani wake.

"Watu wanafikiri napenda gemu," anasema Alois akipangusa jasho kwa mgongo wa mkono. "Mimi gololi zenyewe sijui kucheza. Mwulize Mzee Mwinshehe."

"Hajui kabisa," anathibitisha Mwinshehe.

Kama si soko huria, kazi hii isingewezekana. Alois alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha Kihonda mpaka alipopunguzwa kazi mwaka 1993. Wakati huo huo milango ilikuwa imefunguliwa, bidhaa zinamiminika, na mfanyabiashara aitwaye Hatibu akaanza kuleta kutoka Dar es Salaam mashine za gemu zilizotumika Ulaya. Zikiharibika, Hatibu hakuwa na habari nazo, aliagiza nyingine. Alois alizichukua kwa bei ya chuma chakavu.

"Namwuzia mashine nzima, yeye anatoa humo pete kumi za raba na balbu nne, ananiletea soda kunishukuru," anasema Hatibu. "Mimi ni mfanyabiashara, lakini yule nimeshindwa kumwelewa. Nampenda hivyo hivyo."

Mashine mpya na za zamani zinafanana kwa sehemu tu. Gololi ni zile zile, balbu zinaingia, pete za raba zinakaa. Koili, zile nyaya zilizozungushwa zinazorusha gololi na kupiga nyundo, hazikubaliani, kwa sababu mpya zinataka umeme mwingi zaidi. Alois anazifumua na kuzisuka upya kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, kama alivyokuwa akisuka mota kiwandani. Mbao zilizoliwa na mchwa alizibandika upya. Na alipoiwasha kwa mara ya kwanza, ndani ya banda kulinuka mdalasini uliokuwa umesagika chini ya kioo kwa miaka yote ile.

Kosa lake kubwa anasema alilifanya mwanzoni. Nyundo za kengele zilikuwa zimepata kutu, akaona shida ya nini, akafunga spika kutoka kwenye mashine mpya. Ikawa inaongea. Akamwita Mzee Mwinshehe kwa furaha aje aone. Mzee akacheza, akasikiliza, akaweka kikombe chini.

"Alisema, 'Hii siyo,' akaondoka. Hakuniaga hata kidogo," anasema Alois. "Nikakaa hapo nikiwa nimechoka kama niliyelima. Tangu siku ile nina sheria yangu. Kisichoonekana wala kusikika nitakitoa kwenye mpya. Kinachoonekana na kusikika, kama hakipo, nitakisubiri."

Nyundo alizisugua kwa mafuta ya taa mpaka zikaachia. Tatizo likabaki moja. Transfoma ya zamani iliozeshwa na unyevu na kinyesi cha kuku. Alijaribu za redio, akajaribu mbili za televisheni. Taa ziliwaka, lakini kengele kubwa haikugongwa, nyundo iliinuka nusu ikarudi. Transfoma yenye nguvu ya kutosha ilikuwa moja tu hapa mjini, na ilikuwa ndani ya mashine yake mwenyewe, ile ambayo aliichukua mbovu kwa Hatibu akaifufua, na ambayo kwa shilingi ishirini kila mchezo ilikuwa inampa shilingi elfu mbili kwa siku nzuri. Kutengeneza redio, siku mbaya, hakufikishi hata mia tano.

Mkewe, Theresia, anauza maandazi hatua chache kutoka hapo. Nilimwuliza alilipokeaje jambo hilo. Aligeuza maandazi kwanza.

"Nilimnunia," anasema. "Mashine ile ndiyo imetulipia kodi. Nikamwambia, Baba Irene, nenda kawaambie wazee umeshindwa, hakuna atakayekufunga. Akaniambia, 'Mjomba ndiye aliyenisomesha ufundi. Fedha ya kiinua mgongo hakupata, lakini ada yangu ililipwa, sijui aliitoa wapi.' Nitasema nini hapo? Mimi natoka Gairo, kwetu mambo ya wajomba si makali hivyo. Lakini nimeolewa huku."

Saa nne transfoma imetoka. Alois anaibeba kifuani mpaka kwenye kona, anavuta turubai. Mashine ya mbao inaonekana ndogo kuliko nilivyotarajia. Rangi ya picha zake imepauka, mguu mmoja ni wa kitanda. Anafunga nyaya kwa utaratibu, anakaza, anakagua, anakaza tena. Watu wameanza kujaa mlangoni. Mzee Mwinshehe amewaacha wateja wake.

Katikati ya watu hao anaingia Bibi Scholastika, ameshuka kutoka Kinole na gari la matunda la alfajiri, khanga imefungwa kifuani. Wote tunamwamkia shikamoo, anaitikia bila kututazama. Macho yake yako kwenye mashine.

"Mama, umefika wakati mzuri," anasema Alois. "Nataka kuijaribu. Kaa hapa usikie."

"Nikae niisikie hapa?" anauliza. Kisha, kwa sauti isiyotaka ubishi: "Subiri kwanza niende nje. Mimi hapa mjini sitaisikia."

Alois anashangaa. Anamwambia ni mara moja tu, ili awe na uhakika nayo. Mama anatikisa kichwa na kutoka. Anakwenda kusimama mbali, upande wa pili wa barabara, kwenye kelele za mabasi, na anaziba masikio kwa viganja viwili kama mtoto anayeogopa radi.

Alois anabonyeza swichi. Anavuta springi. Gololi inapanda, inateleza, inagusa. Kengele kubwa inagonga. Inagonga tena, mfululizo, sauti safi na nyembamba isiyofanana na kitu chochote cha Msamvu. Mzee Mwinshehe anashika ukingo wa mashine kwa mikono yote miwili na machozi yanamtoka, hayafuti. "Maji yangekuwa motoni sasa hivi," anasema.

Ijumaa mashine itapanda gari mpaka Kinole, barabara ikiruhusu, pamoja na jenereta ambayo parokia imekubali kumwazima kwa siku moja. Theresia atapika. Wote waliolia mwaka ule na ambao bado wako hai wamekwisha kualikwa, kila mmoja kwa jina. Baada ya hapo Alois atarudi Msamvu kuanza upya na redio, na kama Hatibu ataleta mashine nyingine mbovu, ataanza tena kujenga kipato.

"Natumaini kitu kimoja," anasema. "Wakisikia, waseme, 'Kumbe Andrea alisema kweli.' Waseme kwa mdomo, mama yangu akiwa amekaa pale."

Nilivuka barabara kumwuliza Bibi Scholastika kwa nini alikataa kusikia. Alikuwa bado hajashusha mikono. Nilimsubiri.

"Alipokufa sikumlilia kaka yangu," alisema. "Watu walidhani nimekauka kwa uchungu. Hapana. Nilikuwa na hasira naye. Miaka yote ile nachekwa kisimani kwa ajili ya mashine yake, na mimi mwenyewe, mwanangu, nilikuwa nimeacha kumwamini. Nikiisikia pale uwanjani kwake, mbele ya wale wale, ndipo nitamlilia."