Kijiji Hakina Mtani

Mjomba wangu alizikwa Masanze, na kaburi lake lilichimbwa na Wanyamwezi. Kwetu Wasagara hilo si jambo la kuuliza. Mnyamwezi ni mtani wetu, na msiba usio na watani ni msiba wa watu waliotupwa. Watani wanachimba kaburi, wanalala ndani yake na kulalamika kwamba ni dogo, wanavaa koti la marehemu na kuigiza alivyokuwa akikohoa. Wanachukua wanachokitaka pia, iwe kuku, iwe mbuzi, na hakuna wa kuwazuia. Ukimkasirikia mtani msibani, watu watakushangaa wewe.

Mkubwa wa watani siku ile alikuwa mzee mmoja mkata mkonge wa mashamba ya Kimamba. Alikuja nchi yetu akiwa kijana kutafuta kazi, akazeekea mkongeni, akaoa huko huko. Yeye na mjomba walikuwa wametaniana tangu sijazaliwa. Kila mmoja alimwita mwenzake mtumwa wangu, na mjomba alipougua, mzee yule ndiye aliyekuja kila Jumapili kumwambia afe haraka, watu wana njaa. Mjomba alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Nadhani hakuna dawa iliyomsaidia kuliko hiyo.

Mimi nilikuwa wakili kijana Morogoro, mwaka wa pili tangu nitoke Chuo Kikuu. Ukoo mzima ulijivunia mimi, nami nilijivunia mwenyewe kuliko ukoo. Baada ya maziko nilikwenda nyuma ya nyumba, karibu na zizi, kupumzika na vilio. Mzee akanifuata huko, udongo wa kaburi bado umemganda miguuni.

"Mtumwa wangu," aliniambia, "mjomba wako kaniachia yupi?"

Nilikuwa sijacheka siku mbili. Nikanyoosha kidole kwa beberu mweusi mwenye baka jeupe kifuani, aliyenona kuliko wote zizini.

"Huyo hapo. Ukimweza."

Akamweza. Alipotokeza naye mbele ya nyumba, amemshika pembe, wanawake waliacha kulia wakapiga vigelegele, na watu wakamsindikiza kwa matusi mpaka njiani. Ulikuwa msiba mzuri. Nilirudi Morogoro nikiwa mwepesi moyoni.

Mwenyekiti wa kijiji hakuwepo siku ile. Alikuwa mkutanoni Kilosa. Kesho yake alikuja kutoa pole, akanywa uji, kisha akaenda zizini kuhesabu. Masanze ilikuwa imeshakuwa kijiji cha ujamaa, na mjomba ndiye aliyekabidhiwa mbuzi wa kijiji. Walilala zizi moja na mbuzi wake mwenyewe wanne. Wa kijiji walikatwa alama kwenye sikio la kushoto. Yule beberu alikuwa wa kijiji. Mimi sikujua habari ya alama. Nasema sikujua, na ni kweli. Laiti aibu yangu ingeishia hapo.

Polisi walimkuta mzee kambini Kimamba, ngozi ya beberu ameiwamba ukutani nje ya chumba chake, sikio na alama yake juani. Mwizi gani huanika ngozi mlangoni? Aliwakaribisha wakae, akawaambia wamechelewa, nyama imekwisha. Wakamchukua hivyo hivyo anacheka. Shtaka likaandikwa wizi wa mali ya kijiji, na kwa sheria za siku zile kosa hilo lilikuwa na kifungo cha lazima. Hakimu akishakutia hatiani hakuwa na la kupunguza.

Mkewe alikuja Morogoro kunitafuta, ana kanga mbili na ndala za kuazima. Hakulia. Alisema tu kwamba mume wake amemwambia kamwite yule mpwa wa marehemu, yeye anajua.

Nilijua. Nilijua tangu alipotaja beberu mweusi. Nilijua pia jambo jingine ambalo yeye hakulijua: miezi miwili nyuma nilikuwa nimepeleka maombi ya uhakimu. Kabla sijapewa, watu wa Chama wangeulizwa habari zangu, huko wilayani na kwetu kijijini, na wa kwanza kuulizwa angekuwa mwenyekiti yule yule. Nikajiona nimesimama mahakamani Kilosa, na mwenyekiti amekaa benchi la mbele, nasema kwamba mimi, msomi wa taifa, ndiye niliyegawa mbuzi wa kijiji kwa ajili ya utani wa makabila. Utani wenyewe siku hizo nilikuwa nimeanza kuuonea haya. Sikupenda wenzangu wa Chuo Kikuu wajue kwamba kwetu watu wanalala makaburini wakidai ni madogo.

Nikamwambia mama yule: "Nitamtetea mwenyewe, tena bure." Akapiga magoti kunishukuru. Nikamwacha apige.

Nilimkuta mzee mahabusu Kilosa amekaa sakafuni. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Umekawia, mtumwa wangu. Chawa wa humu hawajui utani." Akanisogezea nafasi kama tuko kwake. "Lakini kesi hii nyepesi. Wewe ndiye uliyenionyesha. Waambie, twende nyumbani."

Nikamweleza kwamba wakili hawezi kuwa shahidi katika kesi anayoitetea. Hiyo ni kweli, ipo mpaka leo. Mzee akafikiri kidogo, huku akisugua sugu za kiganjani.

"Basi acha uwakili, uwe shahidi. Wakili atakuja mwingine."

Mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani alikuwa ameliona jambo zima. Ndivyo ilivyotakiwa, kwa sheria na kwa uungwana. Mkubwa wangu pale ofisini angekuja Kilosa siku hiyo hiyo kama ningemwomba. Kesi za wanyonge ndizo alizozipenda, na mara nyingi alitoa nauli mfukoni mwake. Sikumwomba. Sikumwambia hata kwamba nilikuwepo msibani.

"Hakuna mwingine atakayekuja kwa ajili yako, mzee," nilisema. "Nikijitoa mimi, utasimama peke yako, na peke yako utafungwa. Tena usinitaje. Ukinitaja wataniondoa."

Alinitazama. Nilidhani atanitukana, na kwa utani wetu alikuwa na haki ya kunitukana mpaka babu zangu.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Ninyi mnaosoma haya mtakuwa mmeshaelewa nilichofanya. Mimi mwenyewe ilinichukua muda, kwa sababu nilijificha vizuri. Nilivaa uwakili ili nisiwe shahidi. Nilikuwa mtu pekee ambaye maneno yake yangemtoa, nami nikajiweka mahali ambapo maneno yale hayakuruhusiwa kusemwa.

Siku ya kesi watu walijaa. Mke wa mjomba alitoa ushahidi kwa upande wetu, na alisimama imara. "Huyu ni mtani wetu," alisema. "Amechukua chake."

Mwendesha mashtaka alikuwa inspekta wa polisi, mtu mpole, sauti ya chini. Hakugombana naye.

"Mama, mtani ni wa kabila, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Mbuzi huyu alikuwa wa marehemu au wa kijiji?"

"Wa kijiji."

"Kijiji chenu kina kabila gani?"

Mama akatazama huku na huku. Masanze ya siku zile walikuwepo Wasagara, Wakaguru, Waluguru, na Wagogo waliokimbia njaa. Tulikuwa tumefundishwa wote kwamba kijiji ni cha watu, si cha kabila.

"Hakina," alisema.

"Basi kijiji hakina mtani," inspekta alisema, akaketi.

Hata mimi niliona alivyopiga palepale. Lakini njia ilikuwa bado ipo, nyembamba. Kama mzee aliamini beberu ni wa marehemu, hakuiba; alikosea tu. Na aliaminije? Hapo ndipo inspekta alipomshika mzee alipopanda kizimbani.

"Zizini mlikuwa na mbuzi kumi na tisa. Wa marehemu wanne tu, tena wamekonda. Wewe ukaenda moja kwa moja kwa beberu wa kijiji, mnono kuliko wote. Nani alikuonyesha?"

Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi zangu. Nakumbuka kulikuwa na sisimizi anatembea juu ya mstari niliokuwa nimeuwekea alama, nami nikamfuata kwa macho mpaka mwisho wa ukurasa. Ningeweza kusimama. Ningesema, Mheshimiwa, naomba kujitoa katika kesi hii, nina ushahidi. Maneno hayo ni machache sana, nimeyahesabu mara nyingi.

"Marehemu," mzee alisema.

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Aliandika.

Kisha nikasimama nikasema kwa nusu saa juu ya mila na desturi, juu ya ngozi iliyoanikwa hadharani, juu ya mzee aliyelitumikia taifa mkongeni. Nilisema vizuri. Watu walinipongeza nje, na hilo nalo linaniuma, kwamba nilizipokea pongezi nikazifurahia. Katika hukumu hakimu alisema kwamba kama angekuwepo hata mtu mmoja wa kueleza jinsi mshtakiwa alivyomchagua mbuzi yule, angefikiri vingine. Hakuwepo. Miaka mitatu.

Wiki hiyo hiyo mkewe alikuja tena Morogoro, kuniletea kuku jike kwa kunishukuru. Alisema mumewe ameniombea heri, kwamba nilimpigania kama mtoto wake. Nilimpokea kuku. Tulimla Jumapili.

Nilikata rufaa. Niliandika sababu sita, na katika zote sita hakuna iliyotaja kidole changu. Rufaa ikatupwa. Uhakimu nikaupata, nikapelekwa mbali, na mwenyekiti wa Masanze, nilivyosikia, alinisifu.

Mtu anaweza kukaa na jambo kama hilo kwa miaka akalizoea kama mguu wenye kovu. Nilipofunga watu, na nilifunga wengi, niliwauliza kila mmoja kama ana shahidi. Waandishi wangu wa mahakama walidhani ni ukarimu.

Mama yangu alifia Mikumi, kwa dada yangu aliyekuwa ameolewa pale. Nilifika nikiwa na gari la serikali. Asubuhi ya mazishi treni ya Kidatu ilisimama stesheni, na kati ya abiria akashuka mzee mwembamba, jembe begani. Hakuna aliyemwita. Watani hawaitwi. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijaiona sura yake, na nilitamani niingie ndani nijifungie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umenenepa. Ungekuwa mbuzi ningekuchukua."

Alichimba kaburi na wenzake wawili. Alilala ndani, akasema mama yangu alikuwa mpana kuliko hapo. Alijifunga kanga yake akaigiza alivyokuwa akiwaita kuku, sauti ile ile, na sisi watoto wake tukacheka huku machozi yanatutoka. Mkewe, aliniambia, alifariki yeye akiwa bado gerezani. Alinitajia hilo akiwa anafuta jembe, kama anavyotaja mtu habari ya mvua.

Baada ya maziko shemeji yangu akamwita mbele ya watu: "Mtani, mbona hujachukua kitu? Mbuzi wale pale."

"Mimi sichukui tena," mzee alijibu. "Mimi napewa, tena kwa maandishi."

Watu wakacheka. Akatoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa na kalamu, akanikabidhi. "Hakimu yupo. Aandike."

Nikaandika magotini, watu wamenizunguka: Mimi, mtoto wa marehemu, nimempa mtani wetu mbuzi mmoja, kwa hiari yangu. Nikatia sahihi. Nilidhani atampa mtu amsomee. Kumbe gerezani alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima. Akaliweka daftari mbali na macho akasoma mwenyewe kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka sahihi yangu.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ila hapa juu umeacha nafasi. Hujamwandika yule wa Masanze."

Akaninyooshea kalamu.

Kila mtu pale alijua kwamba aliwahi kufungwa kwa ajili ya mbuzi wa msibani. Ndiyo hadithi aliyokuwa akiichekesha mwenyewe kila alikokwenda. Wakadhani ni utani. Wakacheka, dada yangu, shemeji, wachimbaji wenzake, wote.

Nami nikacheka.

Mzee alikaa ameninyooshea kalamu mpaka kicheko kikaisha. Kisha akairudisha mfukoni, akaenda kunawa udongo. Mbuzi hakumchukua.