Pumba za Asubuhi ya Baridi

Mashudu ya pamba yakilowekwa usiku kucha hutoa harufu ya uchachu inayong'ang'ania vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Nilipokuwa darasa la tano, pale kwetu Didia, harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha. Ndoo ilikaa nyuma ya jiko, na kazi yangu ilikuwa kuyachanganya mashudu na pumba za mpunga, kisha kuibeba hadi bwawani, pembeni ya majaruba ya mpunga. Baba alikuwa amelichimba bwawa lile mwaka huo akapanda vifaranga vya sato. Lakini Baba ni mtu wa ng'ombe, na samaki nao aliwafuga kama ng'ombe: mnyama ashibe, mengine Mungu anajua. "Ng'ombe hanenepi siku ya mnada," alipenda kusema, na kwa neno hilo ndoo ilimwagwa asubuhi na jioni, iwe baridi, iwe joto.

Mimi si mtu wa maneno. Mpaka leo, niko kidato cha tatu, nikiitwa mbele ya darasa sauti hunitoroka. Ndiyo maana naandika. Siku moja, mwaka ule wa darasa la tano, akapita afisa uvuvi wa kata, tuliyezoea kumwita bwana samaki. Baba alikuwa mnadani, Mama shambani, kwa hiyo ujumbe wake ukaniangukia mimi. Alichuchumaa ukingoni, akateka maji kwa kiganja, akayanusa, akakunja uso.

"Mwambie baba yako samaki si ng'ombe, hacheui. Mpeni kwa kiganja. Wakiacha kukimbilia, na nyie acheni. Asubuhi ya baridi maji yakipoa na tumbo lake linapoa, chakula hakisagiki. Kinachobaki kinaozea chini, kinamaliza hewa ya majini. Na mkiwaona alfajiri wamepanda juu wanapanua midomo, hao hawaombi chakula, binti. Wanatafuta hewa. Fungulieni maji mapya. Utamwambia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni nilijaribu. "Baba, bwana samaki alikuja."

"Anasemaje?"

"Anasema tusiwape sana."

Baba akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Yeye anakula mshahara, halafu samaki wangu walale njaa!" Wote wakacheka, nami nikainamisha uso. Maneno yaliyobaki, ya baridi, ya hewa, ya midomo, niliyameza pamoja na ugali. Nilijiambia nitayasema kesho.

Kipupwe kikaingia. Kila alfajiri ukungu ulikaa juu ya bwawa, na chini ya ukungu midomo ya sato ilijipanga usoni mwa maji, inafunguka na kufumba, inafunguka na kufumba, kwa mlio mdogo kama wa mtoto anayenyonya. Baba alisimama amejifunga blanketi, anatabasamu kama aliyepata mjukuu. "Waone wanavyoniita! Ongeza, ng'wanawane, ongeza mwanangu." Nikaongeza. Nilijua ile midomo inatafuta nini, lakini mkono wangu ulimwaga.

Siku hizo ndipo alipokuja Mjomba Masanja, mdogo wake Mama, kutoka machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo. Nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuniuliza kwa nini nimenyamaza. Alikaa nami tukanyamaza wote, basi. Jioni alifua nguo zake za duarani, kule shimoni wanakochimba, palepale ukingoni mwa bwawa. Povu jekundu likatambaa juu ya maji.

Kulipokucha, bwawa lote lilikuwa matumbo meupe.

Baba hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Shemeji, jana ulifulia wapi?"

"Pale ukingoni, shemeji."

"Nguo za zebaki."

Mjomba alivitazama viganja vyake, vyeusi kwenye mikunjo. "Inawezekana, shemeji. Zebaki tunaishika kwa mikono."

"Masanja, si ungeuliza tu!" Mama alisema. Nilikuwa nimesimama katikati yao na ndoo mkononi. Neno moja tu lilitakiwa, na mwenye nalo nilikuwa mimi. Baba akasema mikono ya duarani isiguse tena maji ya mji wake. Kabla ya jua kuwa kali, Mjomba alikuwa ameshafunga mfuko wake. Aliponipita mlangoni alisimama. "Nisamehe, Kabula. Najua wewe ndiye uliyekuwa unawalisha."

Nilitumwa kuwafukia samaki, mtu asije akala sumu. Kabla ya kufukia nilimpasua mmoja kwa kisu. Utumbo wa sato ni mrefu, umejiviringa kama uzi, na ule ulikuwa umejaa pumba hadi mwisho, bado pumba, bado zinanuka ndoo yangu. Nikamrudishia udongo haraka.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu hayakungoja nizeeke. Siku hizi tunalo bwawa jingine. Bwana samaki alikuja tena, akamkuta Baba mwenyewe, na Baba akasikiliza. Sasa huwafundisha wageni habari za kiganja na za maji mapya ya alfajiri kama mtu aliyezaliwa nazo. Bwawa lilisahihishwa, ila lawama ya Mjomba hakuna aliyeisahihisha. Mama alimwombea ruhusa ya kuja kututembelea, na akija huzunguka mbali na bwawa, kwenye njia ya mihogo. Akitaka kunawa huomba maji kwenye beseni, akayamwaga nyuma ya choo.

Likizo hii nilimfuata huko nyuma nikamwambia yote, nikitazama miguu yangu. Akacheka kwa pua. "Kwa hiyo walikufa wameshiba? Basi wametushinda sisi wachimbaji." Halafu akauliza, "Baba yako anajua?"

"Bado. Leo jioni namwambia."

Nikamshika mkono tukaenda hadi bwawani, nikampa bakuli la pumba. "Wape, Mjomba." Alilipokea. Akapiga hatua kuelekea majini, akasita, akafuta kiganja kwenye suruali, akakifuta tena, akanirudishia bakuli.

"Wape wewe, Kabula. Mimi nitaangalia."

Nikarusha kiasi cha kiganja. Walipoacha kukimbilia, nikaacha. Nilipogeuka, Mjomba alikuwa amerudi nyuma, mbali na maji, na mikono ameificha mfukoni.