Papai la Juu Kabisa

Juzi pale stendi ya Msamvu nilimwona muuza matunda akimfukuza ndege kwenye papai lililopasuka, nikacheka peke yangu.

Nyumbani kwetu, kwenye mteremko wa Uluguru, bibi hakuwa akichuma papai la juu kabisa. Nilidhani halifikii. Alasiri moja, yeye akiwa jikoni, nikaliangusha kwa ufito mrefu, likatua kwenye majani ya maharage. Nikampelekea mbio, nikingoja sifa.

“Mjukuu wangu,” akasema, “hilo huwa nawaachia ndege shore. Sasa watakula nini kwetu?”

Niliogopa kwamba ndege wote wangehama. Nikalifunga papai kwenye shina la mpapai kwa kamba ya mgomba, pale mkono wangu ulipoishia, kisha nikajibanza mlangoni kwenye harufu ya moshi na udongo mbichi. Shore wawili wakatua, wakaanza kudonoa kwa kelele.

“Haya, wamekusamehe!” Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Leo najua ndege hufuata kilichoiva tu, hawana habari na msamaha. Hata hivyo, papai la juu kwenye mti wangu sijawahi kuligusa. Jana mwanangu, akidhani silifikii, aliniletea ufito mrefu.