Aliyeandika Neno Hakuna

Nilitumikia masjala ya hospitali moja hapa mjini Babati mpaka siku niliyostaafu, na katika muda wote huo sikupoteza jalada hata moja. Silisemi hili kwa majivuno. Ni taarifa tu, na anayelipinga alete maandishi.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Daktari aliyehitaji jalada la mgonjwa alijaza karatasi ndogo ya maombi, na tarishi akaileta dirishani kwangu. Tulisalimiana, nikahakikisha ametumwa na nani, nikakagua sahihi, ndipo nikaenda kwenye rafu. Jalada likiwapo, liliondoka na tarishi, na ile karatasi ikabaki mahali pake. Lisipokuwapo, niliandika chini ya karatasi, “Nimetafuta, halipo,” nikatia sahihi yangu. Tarishi akirejea mikono mitupu, bila karatasi yenye sahihi, daktari hakuwa na ruhusa ya kusema kwamba jalada halipo. Alichojua ni kwamba hajajibiwa. Huenda tarishi alikuwa amesimama njiani kununua karanga, na wapo waliofanya hivyo, nami niliwaandikia barua.

Msimu wa mvua uliopita mke wangu alijikata mguu kwa jembe katika shamba letu la Sigino. Alinificha kwa siku tatu. Kila nilipomwona akichechemea na kumuuliza kama kuna tatizo, alijibu, “Hakuna,” akaendelea kuchambua maharage. Siku ya nne kiatu kilikataa kuingia. Tulipanda bajaji kutoka nyumbani Maisaka, nami nilimkaripia njia nzima. Aliponisikiliza vya kutosha aliniuliza kama nilikumbuka kufunga banda la kuku.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mwenye umri kama wa binti yetu wa mwisho. Alitupa shikamoo zetu, akamwosha mke wangu kidonda kwa mkono mwepesi, kisha daktari akaagiza sindano ya penisilini. Muuguzi alifungua kumbukumbu za mke wangu kwenye kompyuta. Nilisogea nione. Jina lilikuwa sahihi, umri sahihi, mtaa sahihi, hata idadi ya watoto aliojifungua. Chini kabisa, mbele ya neno Aleji, palisomeka: Hakuna.

Nilisimama. Mke wangu alipomzaa huyo binti yetu wa mwisho, katika hospitali hiyohiyo, alichomwa sindano ya dawa hiyo. Midomo ilivimba, pumzi ikaanza kupiga mluzi, naye akanishika kidole na kumwita mama yake kwa Kiiraqw, lugha ambayo nyumbani kwetu huitumia kwa kuku tu. Waliomwokoa walikuwa wepesi kuliko mimi. Mimi nilichoweza ni kwenda masjala na kuandika kwa wino mwekundu juu ya jalada lake jina la dawa ile na neno hatari.

Nilimweleza muuguzi hayo yote, kwa mpangilio. Alinisikiliza kwa heshima.

“Lakini mzee, mfumo unasema hakuna.”

“Nani ametafuta?”

Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi. “Mfumo, mzee.”

“Umetia sahihi wapi?”

Mke wangu aliniambia nimwache binti wa watu afanye kazi yake. Wakati akisema hivyo alikuwa amekamata mkono wa koti langu kwa nguvu kiasi kwamba kifungo kilikatika baadaye.

Nimtendee haki muuguzi yule: aliiweka sindano chini na kuziita kumbukumbu upya. Safari hii yalitokea yale maneno yangu ya wino mwekundu, yamechapwa vizuri: Penisilini, hatari. Aliziita mara ya tatu, pakarudi Hakuna. Alifunika sinia kwa kitambaa, akaenda kumwita daktari, na mke wangu akapewa dawa nyingine. Alipaswa kurudi kila baada ya siku mbili kusafishwa kidonda.

Huenda mwingine angeshukuru na kwenda nyumbani. Mimi nilikaa kwenye benchi nikapiga hesabu nyingine. Namzidi mke wangu kwa miaka kadhaa, na ngazi za kanisani sasa nazipanda kwa kupumzika. Ipo siku atakuja hapa akiwa na homa, hajui jina la dawa ile kwa sababu siku zote jina hilo nimelishika mimi, na nisiwepo wa kuuliza nani ametafuta. Nilimwambia anisubiri, nikaenda masjala.

Si masjala tena. Mahali pa rafu zangu pamesimama kabati la chuma lenye taa za kijani, nalo huliita seva. Anayelitunza ni mama mmoja niliyempokea zamani kama karani mdogo, nikamfundisha kupanga majalada. Baadaye akasomea kompyuta. Mpaka leo husimama nikiingia. Nilimwambia mbele ya kabati lake kwamba linasema uongo.

Alinivutia kiti, akanieleza taratibu. Kumbukumbu zote, alisema, zimo ndani ya seva. Kompyuta ya muuguzi haina kitu. Kazi yake ni kuomba. Mazungumzo yake na seva yana itifaki, yaani utaratibu wake. Ile ya muuguzi huanza kwa kubisha hodi, hujitambulisha, hutoa neno la siri, na hizo mbili hukubaliana namna ya kusemezana. Ndipo huuliza. Seva hujibu mstari kwa mstari, na mwishoni husema kwamba imemaliza. Kabla ya neno hilo la mwisho, jibu halihesabiwi kuwa jibu.

“Ni tarishi wako, mzee, ila huyu anapita kwenye waya.”

Tuliufuata waya. Ulipita chini ya mlango wa masjala, na kila mlango ulipofunguliwa ulibanwa, mazungumzo yakakatika katikati. Jina la mke wangu lilikuwa limefika, umri na watoto vimefika. Mstari wa aleji ulikuwa bado, na neno la kumaliza bado. Programu ya kompyuta ya muuguzi haikulisubiri neno hilo. Ilipoona nafasi imebaki wazi, iliijaza yenyewe: Hakuna.

Hapo nilikasirika kweli. Nilitaka kujua ni nani aliyeiagiza mashine ijibu kwa niaba ya asiyemaliza kujibu. Nilisema nitamwandikia mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, siku hiyohiyo, nikatoa kalamu. Yule mama aliinamisha macho, akafungua droo, akanipa jalada lililopangwa kama nilivyomfundisha. Juu palikuwa na waraka nilioutoa majuma ya mwisho ya utumishi wangu, kumbukumbu za makaratasi zilipokuwa zikiingizwa kwenye kompyuta. Ulisema kwamba nafasi yoyote iliyo wazi ijazwe neno Hakuna, kwa kuwa nafasi tupu ni uzembe. Watengeneza programu waliomba kanuni zetu, wakapewa hiyo. Sahihi ilikuwa yangu, na mhuri umenyooka.

“Nilimaanisha baada ya kutafuta,” nikasema.

“Najua, mzee. Lakini hukuandika.”

Nilirudisha kalamu mfukoni. Aliniletea maji, nikanywa. Kisha nikaomba karatasi, nikaandika sahihisho: jibu lisilofika hadi mwisho lisiandikwe Hakuna, liandikwe kwamba halijakamilika, na swali liulizwe tena. Nilipotaka kutia sahihi alinikumbusha kwa upole kwamba mstaafu hana mamlaka. Alilinakili sahihisho kwa mwandiko wake na kulipeleka kwa mganga mfawidhi, na waya ukapandishwa juu ya mlango jioni ileile.

Mke wangu alipokwenda kusafishwa kidonda mara ya tatu, programu ilikuwa imerekebishwa. Yule mama alituita tushuhudie. Muuguzi aliziita kumbukumbu, na yule mama akauchomoa waya makusudi katikati ya jibu. Skrini ikaandika: Jibu halijakamilika, uliza tena. Niliisoma mara mbili. Mke wangu alitaka kujua kama sasa nimeridhika au bado kuna mtu wa kuandikiwa barua.

Nyumbani nilimsaidia kuinua mguu juu ya kigoda, nikamuuliza kama unauma. Alifungua mdomo kusema lile neno lake la siku zote. Akasita, akautazama mguu.

“Bado sijajua,” alisema. “Uliza tena.”

Nilikwenda kuchemsha chai. Niliporudi na vikombe, nikamuuliza tena.