Nyumba Tupu na Vitu vya Watu

Mume wangu ameamini miaka yote hii kwamba nilitaka kwenda kuzalia Beni, alikofanya kazi, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka. Nimemwachia imani hiyo, na tukiwa na wageni naikazia kabisa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekumbuka chumba chake. Kilikuwa chumba cha mwalimu, nyuma ya shule aliyofundisha: kitanda, dirisha, ukuta uliopakwa chokaa. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa inakaribia kutimia, na sikuona mahali pengine duniani ambapo ningeweza kumlaza mtoto bila kwanza kuomba ruhusa ya mtu.

Nieleze nilivyofika hapo. Nilitoka chuo kikuu na wazo kwamba mtu anahitaji vitu vichache tu. Sikumbuki kama nililisoma mahali au nililitunga. Wakati ule nilidai nimelitunga. Viti vya sebuleni tulivyopewa siku ya ndoa niliwagawia binamu, na kabati likawafuata. Nyumba yetu ya Bulengera, hapa Butembo, ikabaki na kitanda, mkeka, sufuria na vitabu vilivyopangwa sakafuni. Ukikohoa, nyumba ilikujibu, nami nilijivunia hilo. Mgeni wa kwanza, mama mmoja wa parokia, alisimama mlangoni akashika kifua.

"Pole, mama yangu. Balipita huku lini?"

"Banani?"

"Basoda."

Nilimweleza kwamba hakuna askari aliyepita, kisha habari ya vitu vichache na roho kutulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kisha akaenda kuwaambia watu kwamba tumeporwa, na kwamba jambo hilo limemgusa kichwani mke wa mwalimu.

Ulikuwa wakati wa vita, na mji ulikuwa ukibadili wakubwa bila kutuarifu. Asubuhi ungekuta kwenye kizuizi cha barabarani askari wa aina hii, jioni wa aina ile, nasi tuliwasalimia wote kwa tabasamu lilelile. Sikuelewa nani anapigana na nani. Kila aliyenieleza aliongeza kundi jipya.

Risasi zilipoanza kusikika upande wa milima, jirani yetu fundi wa nguo aliingia kwangu na cherehani kichwani.

"Mama, mi naacha hii hapa. Kwako hapana mutu atatafuta kitu. Banajua balishapita."

"Hapana balipita. Ni miye nilitoa bitu."

"Njo vizuri. Kesho nakuya kuikamata."

Kesho yake alikuja kweli, akaleta magodoro. Nyuma yake wakaja wengine: mabati, magunia ya maharage, kahawa, baiskeli, seti nzima ya viti vyenye vitambaa vya kufumwa. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna nyumba ambayo mporaji akichungulia ataona aibu na kuondoka. Kukataa hakukuwezekana. Kwetu, ukimkatalia jirani kuficha mzigo wake, siku yako ya kukimbia utakimbia peke yako. Basi niliitikia, nikaonyesha pembe iliyobaki, halafu nikaonyesha pembe ambayo haikubaki.

Jambo lililonichanganya zaidi ni kwamba nilianza kukalia vile viti. Mgongo uliniuma, viti vilikuwa laini. Nilikaa humo nikimwandikia mume wangu juu ya utulivu wa nyumba isiyo na viti, na sikuona kosa lolote katika sentensi zangu.

Kisha mama yangu akashuka kutoka Lubero na viazi, beseni la kumwogeshea mtoto na sweta alizofuma mwenyewe. Alizunguka na lile beseni mikononi akitafuta pa kuliweka. Mwishowe alikaa juu ya gunia, akalipakata.

"Mutoto utamuweka fasi gani?"

"Nitaenda Beni. Kule ni joto, mama. Mutoto hapana omba bitu mingi."

"Beni. Batu ya Beni banakimbilia huku, na we unakwenda. Mutapishana mu njia, muamkiane?"

"Kule chumba iko bure. Hapana kitu ndani."

"Hata kaburi iko bure," alisema mama, akaanza kumenya viazi.

Siku zilizofuata sikujielewa. Asubuhi nilifunga begi, adhuhuri nikalifungua. Dereva mmoja alisema barabara iko wazi, mwenzake akasema imekatwa, na wote wawili walikuwa wametoka huko siku ileile. Mama alikuwa akitia sweta ndani ya begi, mimi nazitoa kwa ajili ya joto la Beni, yeye anazirudisha kwa ajili ya baridi ya njiani. Nilijiuliza kama namtaka mume, au nafasi, au nataka tu mama akubali kwamba nina haki. Nimesomea falsafa; haikunisaidia hata kidogo. Kiuno kilikuwa kimeanza kuuma.

Begi lilikuwa limefungwa nilipoitwa kwenye simu. Mfanyabiashara wa samaki wa chumvi, jirani yetu wa juu, alikuwa na simu ya mkono, mojawapo ya zile za kwanza mjini, na ilishika mtandao karibu na ukuta wa kanisa tu. Nilipanda kilima nikiwa nimeshika tumbo, yeye akanipa simu akabaki kasimama hapohapo, akisikiliza.

"Allô? Usikuye," mume wangu alisema.

"Kwa nini?"

"Basoda bameingia mu shule. Mu chumba yangu banalala, sijue ni wangapi. Kitanda balipasua, bakapikia maharage."

"Kitanda?"

"Na mulango. Donc basi, baki kwako, mutoto azaliwe huko. Miye niko mu parokia. Kesho natoka na miguu."

Niligeuka nikatazama paa la nyumba yetu chini ya kilima. Alidhani mtandao umekatika, akaita allô mara kadhaa.

"Nasikia," nikasema.

"Kwetu fasi ya kulala iko, ama?"

Alikuwa na barua zangu zote, na hakuna hata moja iliyotaja gunia.

"Iko. Lakini ukifika, sukuma mulango na nguvu. Hapana inafunguka yote."

"Nyuma yake kuko nini?"

Mfanyabiashara alinyoosha mkono. Betri ilikuwa inakwisha.

"Kuya tu," nikamwambia.